Kuteleza si Kuanguka: Namna Tunavyozitazama Mbio za Skii

Tarehe 12 Februari 1998, huko Hakuba karibu na mji wa Nagano nchini Japani, Philip Boit alishiriki mbio za skii za kilomita 10 katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki michezo hiyo. Alikuwa wa 92, wa mwisho kati ya wote waliomaliza, kwa muda wa dakika 47 na sekunde 25.5. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alitumia dakika 27 na sekunde 24.5. Lakini Dæhlie hakwenda zake. Alimsubiri Boit kwenye mstari wa kumalizia, akamkumbatia, na sherehe ya kugawa medali ikabidi ingoje.

Mtu wa Afrika Mashariki anayejua lolote kuhusu skii, mara nyingi anajua hadithi hiyo. Insha hii haipingi kwamba ni kweli, wala haisemi kwamba si nzuri. Inahakiki namna inavyosimuliwa. Hoja yangu ni kwamba tumezoea kuzitazama mbio hizi tukiwa tumesimama mahali pamoja tu, yaani kwenye mstari wa mwisho, na kwamba neno tunalotumia kuzitaja, "kuteleza", linatuficha kazi iliyofanyika kabla ya mstari huo. Matokeo yake ni kwamba mwanamichezo wetu amebaki kuwa mtu wa kuonewa huruma, hakupata kuwa mtu wa kupimwa kama wenzake. Nitaanza na mtazamaji mwenyewe, kisha nitaligusa neno, halafu nitarudi kwa Boit na kwa Mkenya mwingine aliyekuja baada yake.

Tuanze na swali rahisi: mtu aliyekwenda kutazama mbio za skii anaona nini hasa? Jibu ni kwamba anaona kidogo sana. Uwanja wa mpira wote unaonekana kutoka kwenye kiti kimoja. Njia ya skii haionekani hivyo. Chukua mlima wa Kitzbühel nchini Austria, ambako mashindano ya Hahnenkamm yamefanyika tangu mwaka 1931. Njia yake maarufu, Streif, ina urefu wa kilomita 3 na zaidi, na mshindi huimaliza kwa muda usiofika dakika 2. Rekodi ya Fritz Strobl ya mwaka 1997 ni dakika 1 na sekunde 51.58. Maelfu ya watu husimama chini kwenye baridi, wengine wakipiga kengele kama zile za ng'ombe, na kila mshindani wanamwona kwa macho yao sekunde chache tu, anapotokea kwenye mteremko wa mwisho. Sehemu nyingine yote wanaitazama kwenye skrini kubwa, kama sisi tulio mbali. Wanachokisubiri zaidi ni tarakimu: rangi ya kijani ikionyesha kwamba anayeshuka yuko mbele ya anayeongoza, nyekundu ikionyesha kwamba yuko nyuma yake. Watu elfu kadhaa hupiga kelele kwa sababu ya rangi ya namba.

Mbio za Boit zilikuwa za aina nyingine. Hazikuwa za kushuka mlima. Zilikuwa za kuzunguka msituni, kupanda na kushuka, na washindani walitoka mmoja mmoja kwa kupishana sekunde 30. Fikiria maana yake kwa mtazamaji. Watu 92 wakitoka kwa mpango huo, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho zinapita dakika 45 na zaidi. Anayefika mbele ya macho yako si lazima awe ndiye anayeongoza, na anayepita peke yake si lazima awe amechelewa. Jicho pekee haliwezi kukuambia kitu. Inabidi uwe na saa, uwe na orodha ya walivyoanza, na uwe na mtu wa kukusomea.

Jambo hili si geni kwetu. Tarehe 21 Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalianza Kigali, na ilikuwa mara ya kwanza yafanyike Afrika. Mpaka wa nchi kavu kati ya Burundi na Rwanda ulikuwa umefungwa tangu Januari 2024, kwa hiyo wengi wetu hapa Bujumbura tuliyatazama kwenye simu. Siku ya kwanza ilikuwa ya mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa. Tadej Pogačar alitoka dakika 2 na nusu kabla ya Remco Evenepoel. Kwenye kilima cha Kimihurura, karibu na mwisho, Evenepoel alimfikia na kumpita. Hapo mtu asiyejua taratibu angeweza kudhani kwamba wawili hao wanafukuzana kama kawaida na kwamba mmoja amemshinda mwenzake kwa hatua chache. Aliyejua alielewa kwamba pengo la dakika 2 na nusu lilikuwa limemezwa lote, na kwamba hapo amepitwa bingwa wa dunia wa mbio za barabarani. Watazamaji wote wawili wameona baiskeli zile zile. Mmoja tu ndiye aliyeziona mbio.

Ndiyo maana nasema kwamba kutazama ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya macho. Na hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotuangusha kidogo.

Ninaandika insha hii nikiwa Gasenyi, upande wa Bujumbura ambako ardhi inaanza kupanda kuelekea milimani. Theluji hatuna. Kwa Kirundi tuna neno "urubura", lakini mtu wa hapa akilisikia huwaza kwanza mvua ya mawe inayoharibu maharage shambani. Kwa Kiswahili tuna "theluji", iliyotoka Kiarabu, na tuna "barafu", iliyotoka Kiajemi. Huko Uajemi barf ni theluji yenyewe, lakini neno lilipofika pwani yetu likawa jina la kile kitu kigumu kinachowekwa ndani ya soda. Hadi leo watu huyachanganya maneno haya mawili, na msikilizaji anayeambiwa kwamba mtu "anakimbia juu ya barafu" anawaza sakafu ya kioo.

Tatizo kubwa zaidi ni kitenzi. Mchezo wa skii kwa kawaida huitwa "kuteleza kwenye theluji". Sasa kuteleza kwa Kiswahili ni nini? Ni bahati mbaya. Mtu huteleza kwenye matope. Ulimi huteleza ukasema lisilofaa. Kiongozi akikosea, wanaomtetea husema ameteleza. Methali inatuambia kwamba kuteleza si kuanguka, maana yake usimhukumu mtu kwa kosa dogo. Katika matumizi yote haya mtelezaji hakukusudia. Hakuna juhudi katika kuteleza, wala hakuna ufundi. Ni jambo linalompata mtu, si jambo analolifanya.

Ukimwambia bibi yangu kwamba Mkenya alikwenda Japani kuteleza kilomita 10, atacheka, naye atakuwa na haki ya kucheka. Neno lenyewe limemchorea mtu anayepepesuka. Ukimwambia kwamba alikuwa wa mwisho, picha imekamilika: maskini, ameteleza hadi mwisho.

Lakini mbio alizoshiriki Boit haziitwi hivyo kwa lugha za wenye mchezo. Jina lake linafanana na lile tunaloliita kwa Kiswahili "mbio za nyika". Na mbio za nyika ni jambo ambalo hakuna Mkenya wa kuelezwa. John Ngugi alizishinda duniani mara 5. Paul Tergat alizishinda mara 5 mfululizo, kuanzia 1995 hadi 1999. Mwezi mmoja tu baada ya Nagano, Machi 1998, Tergat alishinda tena huko Marrakech. Kama watangazaji wetu wangesema kwamba Boit alishiriki "mbio za nyika za skii", msikilizaji wa Eldoret, wa Arusha au wa Buyenzi angeelewa papo hapo aina ya maumivu yaliyokuwamo: mapafu yanayowaka, kilima ambacho hakiishi, mguu unaokataa. Angejua pia kwamba kwenye kupanda hakuna kuteleza hata kidogo. Mtu hujisukuma kwa mikono na miguu, na skii isiposhika vizuri humrudisha nyuma.

Napendekeza basi tutenganishe. "Mbio za nyika za skii" ziwe zile za Boit. "Mbio za mteremko za skii" ziwe zile za Kitzbühel. Kuteleza tuwaachie watoto wanaocheza. Mtu anaweza kuniambia kwamba neno limeshazoeleka na kwamba maana huja na matumizi. Ni kweli, maneno mengi yamehama hivyo. Lakini neno huhama likiwa na watumiaji wengi wanaokijua kitu chenyewe. Sisi kitu hatukijui, kwa hiyo neno ndilo dirisha letu pekee. Dirisha likiwa na ukungu, nyumba yote inaonekana na ukungu.

Wala tusidhani kwamba watu wa nchi za joto hawana macho ya kutambua mteremko. Barabara inayotoka Bujumbura kwenda Bugarama inapanda kutoka kwenye ziwa hadi mita 2,000 na zaidi, kwa umbali wa kilomita 30 na ushei. Vijana wa baiskeli huishuka wakiwa wamebeba mikungu ya ndizi iliyowapita upana, na wakirudi juu hujishika nyuma ya malori. Watu wanaokaa kando ya barabara hiyo huwatazama kila siku, na wanaona mengi ambayo mgeni hayaoni. Wanamtambua yule ambaye mzigo wake umefungwa vibaya kwa jinsi baiskeli inavyotikisika kwenye kona. Wanajua kwa sauti kama breki inashika au kama ni mguu unaoburuzwa kwenye lami. Mgeni hupiga picha na kusema kwamba watu hawa ni wa ajabu. Mkaazi hasemi kwamba ni wa ajabu. Anasema huyu anajua na yule hajui, na yule asiyejua anamwogopea. Tofauti ya watazamaji hawa wawili ndiyo tofauti ninayoitafuta katika insha hii. Mmoja anashangaa, mwingine anapima. Anayepima ndiye anayemheshimu zaidi mtu aliye barabarani, kwa sababu anaichukulia kazi yake kuwa kazi.

Sasa turudi Hakuba na kumbatio. Nani anasimuliwa katika hadithi ile? Ukiichunguza utaona kwamba mhusika mkuu ni Dæhlie. Yeye ndiye anayetenda: anasubiri, anafungua mikono, anachelewesha sherehe. Boit anafika na kupokelewa. Sifa ya wema inakwenda kwa mshindi, ambaye tayari alikuwa na dhahabu, na ambaye hadi anaacha mashindano alikuwa na dhahabu 8 za Olimpiki. Boit anapata nafasi ya mtu aliyeonyeshwa wema.

Najua jibu litakalotolewa. Boit mwenyewe hakulalamika. Alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na wawili hao waliendelea kuwa marafiki. Jibu hilo lina uzito na ninalikubali. Urafiki ni wao, na mimi sina la kuukosoa. Ninachokosoa ni sisi tunaosimulia, kwa sababu tumechukua dakika moja ya kumbatio tukaziacha dakika 47 zilizotangulia.

Katika dakika hizo 47 kulikuwa na nini? Kulikuwa na mvua na theluji iliyolowa, ambayo huifanya skii kuwa nzito na kushikashika. Kulikuwa na mwanariadha wa mita 800, mpwa wa Mike Boit aliyepata medali ya shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972. Philip Boit aliiona theluji kwa mara ya kwanza mwaka 1996, alipopelekwa Finland pamoja na Henry Bitok kwa ufadhili wa kampuni ya Nike. Yaani mwaka wa kwanza wa kujifunza hadi Olimpiki ni miaka 2 tu. Wapinzani wake wengi walivaa skii kabla ya kwenda shule. Weka mambo hayo pamoja, kisha uipime ile tofauti ya dakika 20 na sekunde 1. Je, ni tofauti ya aibu? Kwa mtu anayeangalia kumbatio tu, ni namba ya kuchekesha. Kwa mtu anayepima, ni swali zuri la kimichezo: mapafu ya Bonde la Ufa yanaweza kufidia kiasi gani cha ufundi uliokosekana? Nagano ilitoa jibu kwa tarakimu, na jibu lile lilistahili kujadiliwa redioni na magazetini kama tunavyojadili muda wa mbio za marathoni. Badala yake tulipewa machozi.

Kuna jingine. Mradi ule ulikuwa na mfadhili mwenye bidhaa ya kuuza, na picha ya Mwafrika kwenye theluji ni tangazo hata kama hakuna aliyelipia ukurasa. Mtazamaji anayejua hilo hatamdharau Boit, ambaye jasho lake lilikuwa la kweli na ambaye alirudi kwenye Olimpiki za 2002 na 2006. Atajua tu kwamba mshangao wake yeye mtazamaji ulikuwa sehemu ya hesabu za mtu mwingine.

Mfano wa pili unaonyesha jinsi kalibu hii ya usimulizi ilivyo ngumu kuvunjika. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998, miezi michache baada ya Nagano, akahamia Austria akiwa mtoto mdogo na kukulia huko. Mwaka 2018, huko PyeongChang, Korea Kusini, aliiwakilisha Kenya katika mbio za mteremko. Huyu hakuiona theluji ukubwani. Aliijua tangu utoto, kama jirani zake wote. Hata hivyo ni rahisi mno kumsimulia kwa maneno yale yale ya Boit: maajabu, binti wa nchi ya joto, ujasiri. Hadithi ya mtu mmoja ikavalishwa mwingine bila kupimwa.

Katika mbio za Super-G za tarehe 17 Februari 2018 Simader alikuwa wa 38. Mbio hizo hizo zina funzo kubwa kuliko lote kwa mtazamaji. Katika skii ya mteremko, wanaotarajiwa kushinda huanza mapema, njia ikiwa bado safi, na wasiojulikana hufuata nyuma wakati njia imeshachimbika. Walipokwisha kushuka wale wenye majina, Anna Veith wa Austria alikuwa akiongoza kwa dakika 1 na sekunde 21.12. Kituo cha NBC cha Marekani kiliwaambia watazamaji wake kwamba Veith ameshinda, kikahamia kwenye mchezo mwingine. Kisha akatoka mshindani wa 26, Ester Ledecká wa Ucheki, ambaye alijulikana zaidi kwa ubao wa theluji na ambaye siku hiyo alivaa skii za kuazima. Akapata dakika 1 na sekunde 21.11. Sehemu moja ya mia ya sekunde. Chini pale hata yeye mwenyewe alisimama akiangalia namba kana kwamba saa imekosea.

Waliozima kamera walikuwa na kila kitu: vyombo, wataalamu, orodha ya washindani. Kilichowakosesha ni imani kwamba mtu wa nyuma hana la kuonyesha. Nao ndio ugonjwa ule ule wa hadithi ya Boit, ila umekuja kwa upande mwingine. Kule mtu wa nyuma alitazamwa kwa huruma. Huku hakutazamwa kabisa. Katika hali zote mbili hakupimwa.

Kwa hiyo, kwa kuhitimisha, ninawaomba wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, hasa wale watakaokuwa watangazaji na waandishi wa habari, mambo matatu. Kwanza, waziite mbio kwa jina linaloonyesha kazi yake, ili msikilizaji ajue kama mtu anapanda au anashuka, anajisukuma au anajizuia. Pili, watoe muda na namna ya kuanza kabla ya kutoa hisia, kwa kuwa katika mbio hizi saa ndiyo inayoona. Tatu, wakae hadi wa mwisho apite, na akipita waseme amekwendaje: kona ipi alichelewa, kilima kipi alikimudu, amepunguza sekunde ngapi kuliko mara iliyopita. Siku nyingine atatokea Mrundi kwenye theluji. Simjui, na huenda bado hajazaliwa. Ningependa siku hiyo mtu wa Buyenzi au Kamenge afungue redio na asikie muda wake kwanza, ndipo aambiwe ni nani aliyemkumbatia.